Albamu zilizonilea, na kama bado zinasikilizika leo

Watu wengi ukiwauliza muziki gani umewajenga watakutajia wimbo, na sio vibaya, ila mimi naongelea albamu nzima, ile unaianza wimbo wa kwanza unaenda nayo mpaka mwisho bila kuruka. Wimbo mmoja unaweza kukuliza au kukuchezesha halafu ukaisha, lakini albamu unakaa nayo miezi, unaijua mpaka pale msanii anapovuta pumzi, unajua nini kinakuja kabla hakijaja, na taratibu taratibu inaanza kukufundisha namna ya kukaa na watu. Hilo ndo nataka kuliongelea. Hizi hapa ndo zilizonilea mimi, na nimezirudia zote upya hivi karibuni kuanzia mwanzo, ili nisije nikazipa sifa za kumbukumbu tu. Nitasema zipi bado ziko imara, wapi panachosha, na kama hujawahi kuzisikiliza uanzie wapi.

Naanza na What's Going On ya Marvin Gaye, 1971, na hii naiweka juu ya zote.

Kabla ya hapo Marvin alikuwa mtu wa nyimbo za mapenzi pale Motown, kampuni ya kurekodi muziki, sauti laini, suti kali, dueti na Tammi Terrell. Tammi akafariki Machi 1970 kwa uvimbe kwenye ubongo, mdogo wake Marvin anaitwa Frankie akarudi kutoka vita ya Vietnam na mambo aliyoyaona huko, na jamaa akawa hawezi tena kuimba vile vile kana kwamba hakuna kitu kimetokea. Wazo la wimbo wenyewe wa What's Going On lilianzia kwa Obie Benson wa kundi la Four Tops, aliyeshuhudia polisi wakiwashughulikia vijana kule Berkeley akajiuliza hivi hapa kuna nini. Bosi wa Motown, Berry Gordy, hakuutaka kabisa huo wimbo, aliona hauna soko, Marvin naye akagoma, akasema harekodi kitu kingine mpaka utoke. Ukatoka Januari 1971, ukauza balaa, na hapo ndo albamu ikatakiwa haraka, sehemu kubwa ikarekodiwa Machi na Mei ikawa sokoni.

Sasa vaa hedifoni nzuri usikilize ile sauti yake. Utasikia ni Marvin wawili. Mmoja yuko mbele, mwingine yuko nyuma kidogo, mara wanakwenda pamoja, mara mmoja anachelewa neno, mara huyu anashuka yule anapanda. Inasemekana alirekodi sauti mara mbili ili baadae achague iliyo bora, fundi mitambo akampigia zote mbili kwa wakati mmoja ili asikie, na Marvin akaona hapo hapo kwamba hiyo ndo yenyewe, ziachwe zote. Kuanzia hapo akaendelea kuimba hivyo maisha yake yote. Hata ile saksafoni inayofungua wimbo wa kwanza, Eli Fontaine alikuwa anapasha tu kabla ya kurekodi, Marvin akamwambia inatosha, umeshamaliza. Na besi ya James Jamerson, aisee, mfuate yeye peke yake wimbo mzima usisikilize kingine, ndo utaelewa kwanini wapiga besi dunia nzima wanamtaja kwa heshima. Hii ndo albamu ya Motown ambayo majina ya wale wanamuziki wa studio yaliandikwa kwenye kava, kabla ya hapo walikuwa wanapiga nyimbo zinazotikisa dunia halafu hakuna anayewajua.

Kilichonigusa mimi ni wimbo wa pili, What's Happening Brother. Ni mtu amerudi kutoka vitani anauliza maswali madogo madogo, kazi zipo, bado watu wanakwenda kucheza pale pale tulipokuwa tunacheza, timu yetu itachukua ubingwa kweli. Basi. Hakuna mahubiri. Wakati huo kaka yangu mkubwa alikuwa amerudi nyumbani baada ya kukaa mbali miaka mingi, hana kazi, marafiki zake wa zamani wametawanyika, na kila mtu pale ndani alikuwa na ushauri wa kumpa, fanya hivi, nenda kule, mwone fulani. Huo wimbo ndo ulionifanya nielewe mtu aliyerudi anatafuta nini kwanza, anatafuta kujua kama nafasi yake bado ipo. Nikawa naenda kukaa nae jioni tunaongelea mpira tu, nani amehamia wapi, nani ameoa, nani amefariki, na baada ya muda akaanza mwenyewe kusimulia mambo ambayo hakuna mtu alikuwa amemuuliza. Mpaka leo mtu akirudi kutoka popote siulizi una mpango gani, naanza na habari za kawaida.

Kasoro ipo, Right On ina zaidi ya dakika saba na haihitaji zote, filimbi na vile vigongo vinazunguka pale pale. Save the Children naipenda ila najua watu wanaoona anahubiri sana, sawa. Lakini albamu nzima ni kama dakika 35, nyimbo zimeunganishwa moja inaingia kwenye nyingine, kwahiyo ukiichanganya kwenye pleilisti na nyimbo za wengine umeiua. Jarida la Rolling Stone mwaka 2020 waliiweka namba moja kwenye orodha yao ya albamu 500 bora za wakati wote, na safari hii kwa mara moja nakubaliana na orodha.

Kind of Blue ya Miles Davis, 1959, ilinikuta sijui chochote kuhusu jazi, na picha niliyokuwa nayo ni ya watu wanaoshindana nani ana vidole vya haraka zaidi. Hii ni kinyume chake kabisa. Vikao viwili tu vya kurekodi, tarehe 2 Machi na 22 Aprili, kwenye studio ya Columbia ya mtaa wa 30 New York, jengo ambalo zamani lilikuwa kanisa, na Miles akaja na vimuhtasari tu vya nyimbo, wenzake wakaviona siku hiyo hiyo na kupiga. Badala ya kuwapa nyimbo zenye mabadiliko mengi ya kukimbizana nayo akawapa skeli chache, yaani ngazi za sauti, na uwanja mkubwa wa kutembea ndani yake. Na waliokuwepo sasa, John Coltrane na Cannonball Adderley kwenye saksafoni, Bill Evans kwenye piano, Wynton Kelly akampokea piano wimbo mmoja tu wa Freddie Freeloader, Paul Chambers besi, Jimmy Cobb drams.

Chukua So What. Piano na besi zinaanza kunong'onezana, halafu besi inatoa swali na wengine wote wanaijibu kwa sauti mbili tu, tena na tena, na pale Miles anapoingia na tarumbeta yake Jimmy Cobb anapiga tasa moja, ile sauti inabaki hewani inaning'inia huku Miles ameshaanza kuongea chini yake. Narudiaga hapo. Hakuna mtu anayekimbilia kujaza nafasi iliyo wazi. Coltrane akija anakuwa na maneno mengi, Miles akija anasema machache, na wote wako sahihi kwasababu kila mmoja amemsikiliza aliyetangulia.

Kazi yangu ya wakati huo ilikuwa ya kukaa na watu wenye shida na kuwasikiliza, na naweza kusema bila kusita kwamba hii albamu ilinisaidia kazini kuliko semina zote. Ukinyamaza kidogo baada ya mtu kumaliza, usiseme kitu, usitikise hata kichwa, mara nyingi ndo anasema kile alichokuwa anakizunguka. Nimeliona hilo mara nyingi sana.

Angalizo la mnunuzi, nakala za zamani upande wa kwanza unakwenda kasi kidogo kuliko ilivyopigwa kwasababu mashine moja ya kurekodia ilikuwa inazunguka taratibu siku ya kwanza, na watu walisikiliza hivyo kwa miongo mitatu mpaka ikarekebishwa kwenye matoleo ya miaka ya 1990. Wapiga vyombo waliokuwa wanajaribu kuifuata nyumbani walikuwa wanashangaa mbona vyombo vyao haviendani nayo. Kwahiyo kama unanunua santuri ya zamani angalia, kama unasikiliza toleo la sasa hivi huna haja ya kuwaza. Ni albamu ya jioni, usiiweke wakati unafua au uko barabarani, itapita kama haipo.

Tracy Chapman, ile ya kwanza yenye jina lake, 1988. Alikuwa na miaka 24 tu ilipotoka. Wakati kila kitu redioni kilikuwa ni vinanda vya umeme na drams za mashine, yeye anakuja na gitaa la mbao na ile sauti nzito iliyotulia, anaanza albamu kwa kuongelea watu wanaosimama kwenye foleni ya misaada. Wengi walimjua kupitia ile tamasha ya Wembley ya tarehe 11 Juni 1988, ya kusherehekea miaka 70 ya Nelson Mandela aliyekuwa bado gerezani. Tracy alikuwa ameshaimba sehemu yake mapema. Stevie Wonder alipokaribia kupanda, ikaonekana diski ya kinanda chake yenye muziki wake wote imepotea, akaondoka huku analia, na ikabidi atafutwe mtu wa kuziba pengo asiyehitaji mitambo mingi. Tracy akarudi na gitaa lake peke yake mbele ya uwanja uliofurika na watu wa nchi nyingi wakiangalia kwenye televisheni, akaimba Fast Car. Mauzo yakapanda kuanzia pale, na Grammy tatu mwaka uliofuata.

Fast Car kila mtu anaijua na inastahili, na mwaka 2023 baada ya mwimbaji wa kantri Luke Combs kuirudia, Tracy akawa mtunzi wa kwanza mweusi kupata tuzo ya wimbo wa mwaka ya CMA, moja ya tuzo kubwa za muziki wa kantri kule Marekani, miaka 35 baada ya kuutoa. Lakini wimbo ulionishika mimi ni Behind the Wall. Hauna chombo hata kimoja. Sauti yake tu na kimya kinachouzunguka. Ni mtu amelala kitandani anasikia ugomvi upande wa pili wa ukuta, mwanamke anapigwa, polisi wakija wanakuja wamechelewa na wanasema hawawezi kuingilia mambo ya mume na mke. Ni kama dakika mbili tu hivi na ukiisha huwezi kuendelea na ulichokuwa unafanya.

Mimi nimeishi kwenye nyumba yenye ukuta wa namna hiyo. Upande wa pili kulikuwa na hiyo hali na majirani wote tulikuwa tunaijua, kila mtu anapandisha sauti ya televisheni. Baada ya kuusikiliza ule wimbo wiki kadhaa nikaenda kugonga, na kesho yake nikaenda tena, na mama mmoja wa ghorofa ya chini akaungana na mimi, na yule dada mwishowe akaondoka pale na wanae akiwa salama. Sisemi wimbo ulifanya, watu ndo walifanya, ila ni wimbo ulionitoa kitandani. Ndo maana mtu akiniambia muziki ni burudani tu namwacha aendelee.

Albamu yenyewe haina wimbo mbovu kwa maoni yangu. Kuna sehemu zinazosikika za miaka ile, Mountains o' Things ina midundo iliyozeeka kidogo na She's Got Her Ticket imebeba rege ambayo haimkai sana, lakini For My Lover na If Not Now ziko vile vile kama zimetoka jana. Ukitaka kumwanzishia kijana muziki wa mashairi mpe hii, dakika kama 36, gitaa linasikika mpaka kucha zinavyogusa nyuzi.

Halafu ikaja Lauryn Hill.

The Miseducation of Lauryn Hill, Agosti 1998, alikuwa na miaka 23, ametoka kwenye mafanikio makubwa ya kundi la Fugees, ana mtoto mdogo na mwingine yuko tumboni, sehemu ya albamu wakairekodia Kingston kwenye studio za Tuff Gong za familia ya Bob Marley. Anarapu, anaimba, anahubiri, anagomba, anapenda, yote kwa mtu mmoja. Na kati ya nyimbo wameweka vipande vya darasani, mwalimu anawauliza watoto kuhusu mapenzi nini, na watoto wanajibu vile watoto wanavyojibu, ukweli mtupu. Yule mwalimu ni Ras Baraka, ambaye mwaka 2014 akawa meya wa Newark. Na kijana aliyepiga piano kwenye Everything Is Everything ndo huyo dunia ikaja kumjua baadae kwa jina la John Legend. Mwaka 1999 Lauryn akabeba Grammy tano usiku mmoja, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo, na ikawa albamu ya kwanza ya hip hop kuchukua tuzo ya albamu ya mwaka.

To Zion, wimbo wa mtoto wake wa kwanza, na gitaa la Carlos Santana linalozunguka chini yake, ndo ulionisaidia kuamua jambo zito kuliko yote niliyowahi kuamua. Yeye anaeleza watu walivyomwambia afikirie kazi yake, atumie akili, na yeye akachagua mtoto. Mimi mama yangu alikuwa ameanza kuumwa, ugonjwa wa kukaa kitandani, na mimi nilikuwa na kazi nzuri mbali na yeye, na kila mtu niliyemheshimu alikuwa ananiambia nitume hela, tafuta mtu wa kumwangalia, usiache kazi. Na walikuwa na hoja, siwalaumu. Nikawa naiweka hiyo ngoma kila asubuhi. Kinachonishika humo ni jinsi asivyojitetea, hakuna hoja anajenga, anasema tu nimechagua na nina furaha, na mwishoni waitikiaji wanapanda na ile drams ya maandamano inaendelea kupiga. Nikaacha kazi nikarudi kumwuguza mama.

Kasoro za hii albamu lazima zisemwe maana ni ndefu. Vile vipande vya darasani mara ya kwanza ni vitamu, ukishaijua albamu utatamani vingepunguzwa. Baadhi ya mistari yake ya kuwagombeza wasichana kwenye Doo Wop inakwaruza leo kuliko ilivyokwaruza wakati ule. Na ipo ile habari ya wanamuziki waliofanya nae kazi waliomshitaki wakidai hawakutajwa inavyostahili kwenye utunzi na utayarishaji, wakamalizana nje ya mahakama mwaka 2001. Hilo linaniuma kwasababu albamu inaongelea haki sana. Lakini Ex-Factor bado, jamani, pale mwishoni gitaa linapoingia na yeye anauliza maswali bila kujibiwa, sijui wimbo wa kuachana unaoufikia. Hajatoa albamu nyingine ya studio akiwa peke yake mpaka leo, na watu wanamdai kana kwamba alikopa. Mimi simdai kitu.

Mama akafariki. Kwa kipindi kirefu sikuweza kusikiliza muziki wowote wenye maneno, hata zile za juu zote niliziweka pembeni, na kilichonirudisha ni Amazing Grace ya Aretha Franklin, albamu ya injili ya mwaka 1972.

Wakati huo Aretha alikuwa malkia wa soul, angeweza kurekodi popote na yeyote, na akachagua kurudi kanisani, New Temple Missionary Baptist kule Los Angeles, usiku wa tarehe 13 na 14 Januari 1972, na mchungaji James Cleveland kwenye piano na kwaya ya Southern California Community Choir nyuma yake. Baba yake mwenyewe, mchungaji C. L. Franklin, alikuwepo na anaongea kwenye albamu. Clara Ward, ambaye Aretha alikua akimwangalia kama mwalimu, alikuwa kwenye viti vya mbele. Ikawa ndo albamu yake iliyouza kuliko zote maisha yake yote, mtu aliyeimba Respect, halafu kilichouza zaidi ni ibada.

Wimbo uliobeba jina la albamu unakaribia dakika 11 na sehemu kubwa yake hakuna mdundo. Anachukua neno moja analivuta, analipandisha, analiacha kidogo watu wapige kelele, analirudia kwa njia nyingine, na hao watu waliokaa pale ndani ni nusu ya wimbo, unasikia mtu mmoja anamjibu kutoka nyuma, mwingine anapiga kofi peke yake, mwingine anashindwa kuvumilia. Kwenye filamu iliyopigwa siku hizo James Cleveland anaonekana amejifunika uso analia. Filamu yenyewe ilikaa kabatini miongo mingi kwasababu picha na sauti havikuoanishwa wakati wa kupiga, na ikaja kuonyeshwa 2018 Aretha akiwa ameshafariki mwezi Agosti mwaka huo huo.

Mimi siielezi hii kama mtu wa dini sana. Naieleza kama mtu aliyekuwa amebana kilio miezi kwasababu kulikuwa na mambo ya kushughulikia, wageni, makaratasi, wadogo zangu wa kutuliza. Mary, Don't You Weep ndo wimbo unaofungua, na kwaya inavyoingia kwa kishindo kile na yeye anavyowasubiri hana haraka, nikalia pale pale nikiwa nimesimama, na nikaona kulia sio kuvunjika. Mtu yupo anaimba huku anaumia na sauti haimtetereki, kinyume chake inazidi kukua. Nimewapa hii albamu marafiki waliofiwa, wengine hata sio wakristo, na hakuna aliyenirudishia akisema haimhusu.

Kuna toleo refu la mwaka 1999 lenye rekodi zote za siku mbili, limekaa vizuri kwa wanaotaka kila kitu, ila baadhi ya nyimbo zimo mara mbili. Kwa kuanza chukua lile la kawaida.

Stevie Wonder sasa, Songs in the Key of Life, Septemba 1976, na hapa nitapita haraka, sio kwamba ni ndogo, ni kwasababu furaha ni ngumu kuiandikia. Santuri mbili na nyingine ndogo ya nyongeza, nyimbo 21. Jamaa alikuwa ameshinda Grammy ya albamu ya mwaka 1974 na 1975 mfululizo, akachelewesha hii mpaka Paul Simon aliposhinda 1976 akamshukuru Stevie jukwaani kwa kutotoa albamu mwaka ule. Ikatoka, 1977 akaichukua tena. Baada ya msiba hii ndo iliyonirudisha kwenye kucheka. Sir Duke, zile tarumbeta zote zinapopiga mstari mmoja mrefu bila kukosea, huwezi kukaa kimya. Isn't She Lovely ina sauti ya mtoto wake Aisha, na mwanangu alivyozaliwa nilimpigia hiyo kabla hajamaliza wiki. As ndo ninayoipenda kuliko zote, Herbie Hancock yuko kwenye kinanda, na jinsi inavyoanza polepole halafu baada ya katikati Stevie anabadilisha koo anaanza kunguruma, nikiwa kwenye gari siwezi kuizima hata kama nimefika. Na Village Ghetto Land, ile sauti ya fidla za kitajiri imetengenezwa yote na kinanda, huku mashairi ni ya njaa na uchafu, nilichelewa kuligundua hilo na sasa siwezi kulisahau.

Ni ndefu mno, ndio. Isn't She Lovely yenyewe inazidi dakika sita na nusu na Another Star inazidi nane, na kuna nyimbo mbili tatu za katikati ambazo angeziacha hakuna ambaye angezidai. Igawe, sikiliza upande mmoja mmoja kama ilivyotolewa, usijilazimishe zaidi ya saa na nusu kwa mkupuo.

Ya mwisho haina maneno mengi na ndo ninayoisikiliza zaidi siku hizi. In the Heart of the Moon, 2005, Ali Farka Touré kwenye gitaa na Toumani Diabaté kwenye kora, chombo cha nyuzi cha Afrika Magharibi, waliirekodi Bamako kwenye hoteli iitwayo Mandé kando ya mto Niger. Hawakufanya mazoezi. Wazee wa kazi wawili, mmoja ametoka kaskazini mwa Mali, mkulima na wakati huo ni meya wa Niafunké, mwingine kutoka ukoo wa wapiga kora wa vizazi na vizazi, wanakaa kwenye viti, mmoja anaanza, mwingine anaingia. Kora ina nyuzi 21 na Toumani anazifanya ziende besi, katikati na juu kwa mpigo mmoja, gumba mbili na vidole viwili vya shahada tu. Ali hashindani nae kabisa. Anashikilia mzunguko ule ule wa gitaa dakika nzima ili mwenzake aruke, halafu Toumani anashuka na kumpokea, na sasa Ali ndo anatoka. Unasikia vidole vinavyoteleza kwenye nyuzi, kuna pahala mtu anaguna kwa kuridhika, hawajaifuta hiyo.

Ilipata Grammy mwanzoni mwa 2006 na Ali akafariki Machi mwaka huo huo kwa saratani. Toumani nae tumempoteza Julai 2024. Mimi na kaka yangu, yule niliyemtaja juu, tunaisikiliza hii tukikutana, na yeye ambaye hakuwahi kujali muziki wa vyombo vitupu ndo huwa anauliza iko wapi ile ya wazee wawili. Mpiga gitaa wa Kimarekani Ry Cooder ameongeza vyombo kidogo kwenye baadhi ya nyimbo na nadhani haikuwa lazima, zile zenye wawili tu ndo zina nguvu zaidi. Anza na Kaira, ambayo inahusiana sana na baba yake Toumani, Sidiki Diabaté, halafu Debe, halafu irudie yote kutoka juu. Ukiipenda ipo nyingine waliyorekodi London kabla Ali hajaondoka, inaitwa Ali and Toumani, ilitoka 2010, na hiyo nayo chukua bila kuuliza.